Aproni ya Kitambaa

Ukiingia kwenye kiwanda chetu cha kufulia kwa mlango wa nyuma, mtu wa kwanza utakayemwona ni mke wa kaka yangu. Yuko upande wa maji. Anafungua mlango wa mashine, anavuta shuka zilizolowa na kuzirusha kwenye toroli, na kila akimaliza mzigo anasimama kidogo, mkono kiunoni, kama mtu anayesikiliza kitu. Ni mfupi, mabega mapana, na akicheka hucheka kwa pua. Wasichana wapya humwogopa kwanza, halafu wakishamzoea humwita mama. Huwajibu, "Mama yako yuko kwenu. Mimi niite dada."

Mimi namwita shemeji, naye huniita hivyo hivyo. Ndiye aliyenitafutia kazi ya boila hapo kiwandani, baada ya mimi kumaliza darasa la saba na kuzurura sana bila kazi. Nimeishi naye nyumba moja tangu kaka alipomwoa. Watu wamemsema mengi, wengine kwa huruma na wengine kwa ubaya, na karibu wote walikosea. Kwa hiyo naandika nilichokiona.

Kiwanda chetu hufua shuka za mahoteli na za hospitali. Upande wa maji kuna mashine za kufulia na za kukamua, sakafu haikauki, na dawa ya kung'arisha hupanda puani mpaka macho yanatoa machozi. Huko wanawake huvaa gambuti na aproni nzito ya mpira. Upande wa makavu kuna mtambo wa kupigia pasi, magogo mawili ya chuma ya moto yanayozunguka, na mbele yake meza ndefu ya kukunjia, karibu na madirisha. Huko huvaliwa aproni ya kitambaa, na kuna viti.

Ukutani kuna misumari, kila mfanyakazi na wake. Msimamizi wetu, mama mmoja mrefu tuliyekuwa tukimwita Jemadari kwa jinsi alivyotembea, alikuwa na utaratibu wake. Akiona mwanamke wa upande wa maji ana dalili za ujauzito, hamuulizi. Asubuhi mwanamke anafika na kukuta aproni ya mpira imeondolewa kwenye msumari wake, imetundikwa ya kitambaa. Basi. Anavaa na kwenda kukaa mezani. Hakuna anayempongeza, maana Jemadari alishaona mimba nyingi zikiharibika pale na hakutaka shangwe kabla mtoto hajalia. Mimba ikiharibika, aproni ya mpira inarudi msumarini, pia bila neno. Kwetu mtu hasemi fulani ana mimba. Anasema fulani kabadilishiwa aproni.

Shemeji alikaa upande wa maji kwa miaka, akiwaona wenzake wakibadilishiwa aproni, wakienda kujifungua, wakirudi, wakibadilishiwa tena.

Nyumbani tulikuwa wanne: mama yetu, kaka, shemeji na mimi. Kaka ni dereva wa lori la masafa marefu. Akija, nyumba nzima inajua, kwa sababu hucheka tangu getini na huita kila mtu kwa sauti ya kupita juu ya injini. Akiondoka tunabaki na mama. Mama ni mtu wa maneno machache, lakini kila neno lake lina miba. Siku kaka alipooa, mama alinitoa kwenye chumba changu kidogo, akaniambia nilale stoo, kati ya magunia na baiskeli mbovu. "Chumba hiki ni cha mjukuu," alisema. Akakifagia, akakifunga. Miaka ikapita. Mimi nikiwa stoo na chumba kikiwa kitupu, na kila wiki mama alikifagia.

"Unafagia nini, mama?" kaka alimtania siku moja. "Hakuna anayekichafua."

"Ndiyo maana nafagia," mama akajibu, akimtazama shemeji. "Pasipochafuliwa pana vumbi."

Shemeji alikuwa mezani akichambua mchele. Hakuinua kichwa. Nilimwona tu akirudia kuchambua mahali alipokwisha kuchambua.

Siku zake za mwezi zilipofika, alikuwa anageuka rangi. Kwanza nilidhani ni hasira, halafu nikajua ni maumivu. Alikuwa anatembea akishika kuta. Alikuwa anatapika. Tumbo lilikuwa likivimba mpaka sketi haifungiki. Mama alimwambia kila mwanamke anaumwa, na yeye mwenyewe aliumwa akazaa watoto wawili, kwa hiyo shemeji aache kudeka. Kiwandani alikuwa hasemi chochote. Alikuwa anachukua shuka iliyotoka kwenye mtambo wa pasi, bado ya moto, anaikunja mara nyingi, anaiingiza chini ya aproni ya mpira na kuifunga kwa kamba tumboni, kisha anaendelea na kazi. Ikipoa anakuja kwangu kwenye boila kuipasha kwenye bomba la mvuke.

Kulikuwa na mwanamke mmoja mkunjaji aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kila akituona hivyo alikuwa anapiga kelele, "Jamani, huyu kaolewa na dereva lakini mapenzi yake yako kwa boila!"

"Boila ni la moto kila siku," shemeji alimjibu. "Wako ni wa moto lini?"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nikajificha nyuma ya mabomba. Waliniita Bubu, na sikuwahi kuwapa sababu ya kubadilisha.

Siku moja alianguka mbele ya mashine ya kukamua. Alianguka taratibu, kama shuka inayoteleza kwenye kamba. Jemadari akamwagia maji usoni, akanitazama mimi. "Bubu, mpeleke kwenye zahanati ya wanawake, na usirudi naye kabla hajapimwa. Boila nitaliangalia mwenyewe." Kaka alikuwa safarini. Ndivyo ilivyotokea kwamba mimi, na si mumewe, nikakaa kwenye kile chumba.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani. Alimpima kwa ile mashine ya picha, akamuuliza maswali ambayo sitayaandika. Mimi nilisimama mlangoni nikisoma tangazo la kunawa mikono. Nililisoma mpaka nikalijua kwa moyo.

"Baba, sogea karibu na mkeo," daktari aliniambia.

"Si mke wangu. Ni shemeji."

"Basi shemeji, sogea au toka. Hapo unazuia upepo."

"Abaki," shemeji alisema kutoka kitandani. "Mimi nikiogopa sisikii vizuri. Huyu hasemi, lakini anasikia."

Nikasikia. Daktari alisema ugonjwa unaitwa endometriosi. Alichora mfuko wa uzazi nyuma ya karatasi ya dawa. Akasema ndani ya mfuko kuna utando, na utando huo kila mwezi hupokea amri kutoka kwenye ovari kwa njia ya damu. Amri hizo ndizo homoni. Ya kwanza, estrojeni, huuambia utando: ota, nenepa. Ya pili, projesteroni, huja baadaye na kuuambia: basi, acha kuota, tulia, jiandae kupokea mtoto. Mtoto asipokuja, amri zote mbili hupungua, utando unabomoka, ndiyo damu ya mwezi.

"Kwako," daktari alisema, "vipande vinavyofanana na utando huo vimeota nje ya mfuko. Viko kwenye ovari, na huenda viko nyuma ya mfuko, karibu na utumbo. Navyo vinapokea amri kama vile viko nyumbani. Vinaota, vinavuja damu, lakini damu haina mlango wa kutokea. Inakaa humo, inachoma, inagandisha viungo mpaka vinashikana. Ndiyo maumivu hayo."

"Na mtoto?" shemeji aliuliza.

Daktari alivua miwani. "Hapo ndipo ilipo shida ya pili. Kwa wanawake wengi wenye ugonjwa huu, ile amri ya pili, ya kutulia, inatumwa vizuri. Ukipima damu unaikuta imo. Lakini utando hauisikii sawasawa. Unaendelea kuota na kuvimba wakati unaotakiwa kutulia. Yai hata likirutubishwa linafika kwenye nyumba yenye fujo. Na mirija nayo ikiwa imeshikana, huenda yai lisifike kabisa."

Shemeji aliitazama ile karatasi iliyochorwa. Halafu akasema, "Kama shuka yenye mafuta."

"Vipi?"

"Zipo shuka zinakuja zimelowa mafuta ya kuchulia. Unazitia majini, maji yapo ya kutosha, lakini hayaingii. Yanateleza tu juu."

"Ni karibu na hivyo," daktari alisema. "Sasa nitakupa vidonge vyenye nguvu ya ile homoni ya pili, ili tuseme kwa sauti kubwa zaidi. Vitafanya ovari zipumzike, siku zako zitakoma, maumivu yatapungua. Lakini ukiwa unavitumia usitegemee mimba. Wakati huo tunakuweka kwenye foleni ya upasuaji hospitali kubwa. Wakishasafisha, unaacha vidonge, na hapo ndipo mjaribu haraka, kabla ugonjwa haujarudi. Huwa unarudi."

Njiani shemeji alisimama chini ya ukuta wa shule, akaniambia, "Shemeji, mama asijue habari ya vidonge. Nyumba inayosubiri mtoto, mimi naleta dawa ya kuzuia mtoto? Atanifukuza kabla sijamaliza sentensi."

"Na kaka?"

"Kaka yako hana siri na mama yake. Nitamwambia foleni ikifika."

Vidonge alivificha kiwandani, kwenye kabati langu la zana, ndani ya kopo la grisi lililooshwa. Kila asubuhi alipita kwangu kana kwamba anakuja kupasha mikono, anameza kimoja na maji ya bomba.

Vilifanya kazi. Sijawahi kumwona vile, kabla ya hapo wala baada. Alilala, alikula, aliimba akivuta mashuka. Siku zake zikakoma kama daktari alivyosema. Lakini vidonge vilimfanya anenepe kidogo, matiti yakauma, na tumbo halikushuka kwa sababu ule uvimbe kwenye ovari ulikuwa bado humo. Sisi wawili tulijua ni nini. Wengine walikuwa na macho tu.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Kwenye kamba ya nyuma ya nyumba, ambako vile vitambaa vya shemeji vilikuwa vikianikwa kila mwezi chini ya kanga, hapakuwa na kitu. Mwezi ukapita, na mwingine. Mama hakusema. Alianza kumwekea shemeji finyango kubwa ya nyama. Akamnyang'anya ndoo ya maji mkononi na kunipa mimi. Halafu asubuhi moja tulifika kiwandani, shemeji akanyoosha mkono kwenye msumari wake, akakuta aproni ya kitambaa.

Alisimama pale. Nilikuwa nyuma yake na mkebe wa mafuta. Upande wa maji wote ulikuwa kimya, kila mtu ameinamia mashine yake, kama desturi yetu. Angeweza kugeuka akamwambia Jemadari, hapana, ni dawa. Maneno machache tu. Aliigusa ile aproni, akapitisha vidole kwenye mshono wake. Halafu akaivaa, akavuka kwenda upande wa makavu, na Kasuku akamsogezea kiti bila kutania, kitu ambacho Kasuku hakuwahi kumfanyia mtu.

Mchana alikuja kwenye boila. "Usinitazame hivyo," alisema.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo hivyo unavyosema." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Siku moja tu, shemeji. Nikae siku moja karibu na dirisha. Kesho nitawaambia."

Kesho yake mama alikuwa amekwishampigia kaka simu.

Kaka alikuja kabla ya safari yake kwisha. Aliacha lori limewashwa getini. Alishuka na beseni la kuogeshea mtoto, la plastiki, rangi ya njano, lenye mahali pa kuegemeza kichwa. Hakucheka tangu getini, na hilo ndilo lililonishtua. Aliingia kimya kama mtu anayeingia msibani, akalitua beseni miguuni pa mkewe, akapiga magoti, akaweka shavu kwenye tumbo lake.

"Nimezunguka nchi nzima nikiomba hiki tu," alisema.

Mama alisimama mlangoni akijipangusa macho kwa ncha ya kanga. Shemeji aliweka mkono juu ya kichwa cha kaka. Alinitazama juu ya kichwa hicho, nami nikatazama chini. Mama akafungua chumba kidogo, na beseni likawekwa humo.

Baada ya hapo shemeji akawa mtu mwingine. Alikuwa anakuja kwenye kabati langu, anashika kopo, halifungui. Siku moja aliniuliza, "Na kama ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Daktari alisema usitegemee. Hakusema haiwezekani. Tumbo hili unaliona. Kichefuchefu ninacho. Matiti yanauma. Mama kazaa, Jemadari kazaa, wote wanasema ni mimba. Sisi wawili tu ndio tunasema ni vidonge. Wewe umezaa wangapi?"

"Kapime basi. Kile kipimo cha mkojo kiko kila duka la dawa."

"Nitapima."

Hakupima. Kila nilipomuuliza alisema kesho, mwisho sikumuuliza tena. Badala yake aliacha vidonge, maana mwenye mimba hatakiwi kumeza dawa ovyo. Kopo likabaki kabatini. Yeye akaendelea kukunja foronya karibu na dirisha, uso wake umepigwa na jua, na nilimsikia akimuuliza Kasuku kama ni kweli mtoto wa kwanza huchelewa kucheza.

"Wangu alianza kucheza siku niliyogombana na mama mkwe," Kasuku alimwambia. "Alikuwa upande wangu tangu tumboni."

Ikaja siku ya Jumapili, kabla ya chakula cha mchana. Shemeji alikuwa jikoni. Nilisikia sufuria ikianguka na sauti ambayo sikuijua kuwa ni yake. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye nyayo. Damu ya miezi yote ile iliyokuwa imezuiwa, na maumivu yaliyokuwa yamelazwa, vyote vilirudi kwa pamoja. Mama alimkumbatia sakafuni. "Mjukuu wangu," alikuwa anasema, "mjukuu wangu, mjukuu wangu." Shemeji naye alikuwa analia, na alikuwa anasema maneno yale yale.

Nilikimbia kutafuta gari. Kwenye zahanati alikuwepo daktari yule yule. Alimwangalia, akamchukulia kipimo, akawatoa watu wote nje. Mama akakaa kwenye benchi. Shemeji alinisimulia baadaye waliyozungumza. Daktari alimwambia hapakuwa na mimba. Hapakuwa nayo wakati wowote. Utando ulikuwa umeachwa bila ile amri ya kutulia, ukabomoka.

"Kwa hiyo sijapoteza kitu?" shemeji alimuuliza.

Daktari alimfunika shuka. "Mama mkweo nikamwambie nini?" aliuliza.

"Usimwambie."

"Siri ni yako," daktari alisema. "Lakini foleni imefika karibu. Nataka mumeo ajue kabla ya upasuaji."

Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na msiba wa mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Majirani walikuja kukaa na mama. Kaka alirudi, akajifungia kwenye lori lake nyuma ya nyumba, na mama akanituma nimpelekee chai. Nilimkuta ameinamia usukani, mabega yanatikisika. Niliweka kikombe juu ya dashibodi, nikashuka.

Mama alibadilika. Hakumsema tena shemeji. Alimwambia kila mgeni, "Angalau tumejua kizazi kinashika." Shuka tuliyomfunga siku ile, iliyolowa damu, aliifua kwa mikono yake, hakutaka ipelekwe kiwandani.

Shemeji aliporudi kazini, aproni ya mpira ilikuwa imerudi msumarini. Kila mwanamke aliyepita alimgusa begani au mgongoni, hakuna aliyesema. Jemadari mwenyewe alimfunga kamba za nyuma. Hapo ndipo shemeji aliposhindwa. Alilia amesimama, mikono ameinyoosha kando kama mtoto anayevalishwa, mbele ya wanawake waliokuwa hawajawahi kumwona akilia hata siku alizokuwa anatembea na shuka ya moto tumboni.

Shemeji alimwambia kaka kabla ya upasuaji. Alimwambia yote: vidonge, aproni, kipimo ambacho hakupima. Mimi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba kaka alikuja stoo kwangu, akakaa juu ya gunia, mikono mikubwa imelegea kati ya magoti.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Kukosa mtoto ningevumilia, mdogo wangu. Nilishaanza kuvumilia. Lakini nimelia. Nimelia kama mwendawazimu kwenye lori langu. Na nilikuwa nalilia vidonge."

"Yeye pia alilia," nikasema.

"Alikuwa analia nini, yeye aliyejua?"

Nadhani sasa ninalo jibu, lakini kaka hajaniuliza tena.

Upasuaji ulifanyika. Ovari moja ilikuwa imeharibika kabisa, imejaa damu ya zamani nzito kama lami, wakaitoa. Nyingine waliisafisha. Mrija mmoja walifanikiwa kuukwamua kutoka kwenye utumbo. Daktari wa upasuaji alimweleza waziwazi: njia iko moja, nyembamba, na iko wazi kwa muda tu. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yake. Asimeze vidonge, ajaribu. Maumivu yakirudi, ajue na njia inafungwa.

Shemeji alirudi nyumbani na kidonda, akaanza kusubiri. Zamani alikuwa akimsubiri mtoto. Sasa alikuwa akimsubiri kaka. Kaka aliomba njia za mbali zaidi, zile ambazo madereva wenye familia huzikwepa. Akija alikuwa anakaa siku chache, mpole, analeta sukari na sabuni, analala upande wake wa kitanda. Hakumtukana wala hakumpiga. Kwa mama alisema tu kwamba amechoka. Shemeji alijua siku zake za kushika mimba kwa hesabu aliyofundishwa, akawa anampigia simu.

"Lini unakuja?"

"Mzigo haujajaa," kaka alikuwa anajibu.

Nilimsikia shemeji akimuuliza hivyo hivyo kila mwezi, mpaka siku alipopiga simu, akasikiliza, akasema, "Haya, mume wangu, ukijaa," akaiweka simu mezani na kuendelea kunyoosha sare yake.

Maumivu yakarudi. Kwanza kidogo, kisha kama zamani, kisha kupita zamani. Alianza tena kufunga shuka ya moto tumboni. Nilimwambia vidonge bado vipo, nitampeleka daktari akampe vipya. Alikataa. Kumeza kidonge kulikuwa ni kukubali. Alikuwa anatembea ameinama, anatapika kwenye mfereji nyuma ya kiwanda, anarudi mashineni, na hataki. "Mwezi mmoja tu," alikuwa akisema. "Anaweza kuja mwezi huu."

Nilikwenda mwenyewe kwa daktari, nikasimama tena mlangoni pale kwenye tangazo la kunawa mikono. Alinipa vidonge kwa sharti shemeji aje kupimwa wiki hiyo hiyo. Nikavileta nyumbani, na sikujua pa kuvificha. Mama akaviona mkononi mwangu.

"Hivyo ni nini?"

Mimi si mwongo mzuri. Nikamwambia. Nilimwambia vya nini, na nikamwambia kwamba mara ile ya kwanza hapakuwa na mimba. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilimshika shemeji yako mikononi," alisema. "Niliona kwa macho yangu. Hivyo ndivyo vilivyomuua mjukuu wangu. Na wewe ulivificha." Akaninyang'anya, akaenda navyo chumbani kwake. Nilidhani amevitupa chooni, na shemeji nikamweleza yote.

Jumapili iliyofuata kaka alikuwa aje, na hakuja. Shemeji alikuwa ameoga, amejipaka mafuta, amekaa barazani. Jua lilipokuwa katikati ya mbingu alianza kuinama. Akashuka kwenye kiti mpaka sakafuni. Akajikunja, magoti kifuani, akauma kanga yake ili majirani wasisikie. Nilisimama kama gogo. Nilitaka kukimbilia gari tena, akanishika mguu, akatikisa kichwa.

Mama alitoka jikoni. Alimtazama kwa muda mrefu, yule mwanamke sakafuni na mafuta yake mazuri. Akatazama getini, ambako hapakuwa na lori. Kisha akaingia chumbani kwake. Alirudi na kikombe cha maji mkono mmoja, na mkono mwingine kidonge. Akachuchumaa kwa taabu, magoti yakilia, akamwinua shemeji kichwa.

"Fungua mdomo," alisema.

Shemeji alimtazama. Alijua mama anaamini kidonge kile kimefanya nini. Wote wawili walikuwa wanajua kinafunga nini.

"Mama, akija je?"

"Haji," mama alisema. "Kunywa."

Akanywa. Mama alikaa naye pale chini, akimpapasa mgongo, mpaka jua likahama kutoka barazani. Baadaye alinyanyuka, akafungua chumba kidogo, akatoa beseni la njano, akaliegemeza kwenye bomba la nje pamoja na ndoo nyingine. Akarudi mlangoni pa kile chumba, akaniita.

"Hamisha godoro lako kutoka stoo," aliniambia. "Lala humu. Nimeshafagia."